Daftari la Msitu

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii hukumbukwa zaidi na wafanya biashara, lakini, msomaji, nataka tuipime juu ya msitu.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio karibu na Malindi katika pwani ya Kenya, una eneo la kilomita za mraba 420 hivi. Ndani yake anaishi bundi mdogo ambaye kimo chake hakifiki shubiri. Wataalamu walimpata mwaka wa 1965, na mwaka wa 1966 akaandikwa katika vitabu vya elimu. Je, kabla ya hapo hakuwako? Alikuwako, akilia usiku kwa usiku. Basi kuandikwa kulimwongezea nini?

Nilipowapeleka wanafunzi wangu msituni humo, mmoja aliniuliza swali gumu zaidi: "Mwalimu, bundi ni ndege wa kisirani. Hatumli wala hatumuuzi. Aandikwe kwa faida ya nani?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata asubuhi ya pili yake, nilipokuwa nikiita majina darasani. Mwalimu haiti majina ili watoto wapate kuwako. Huyaita ili ajue nani hayupo. Wala daftari lake halichagui watakaokuwa matajiri likawaacha wengine. Kila aliyemo darasani huandikwa, kwa sababu yumo.

Ndivyo ilivyo kwa viumbe wa msitu. Asiyeandikwa aweza kutoweka pasiwe na mtu wa kumwulizia. Mzee aliyetuongoza siku ile alitutajia mrihi, mbambakofi, na miti mingine mingi ambayo sikupata kuisikia. Hakuna mwanafunzi aliyeandika, nami sikuwa nimewaagiza. Naona haya hata leo, maana elimu ile imo kifuani mwa mtu mmoja, na mtu hufa.

Hata hivyo, daftari peke yake halitoshi. Mwalimu asiyejua kwamba mtoto hayupo ana udhuru kidogo. Ajuaye, kisha akafunga daftari na kuendelea na somo, hana hata huo. Vivyo hivyo, watu wanaohesabu miti yao, kisha wakaiacha ikatwe na kuchomwa makaa, wana hatia kubwa kuliko wasiojua. Ajuaye amekwisha kuingia katika deni.

Basi, msomaji, leo jioni mwendee mzee wa kwenu, umwulize jina la mti mmoja usioujua, uliandike. Kisha, kila upitapo njia ile, utazame kama mti ule bado upo.