Shetani Aliingilia Mlango Gani?



Kuna filamu inaitwa The Witch, ya mwongozaji Robert Eggers, ilitoka 2015. Haina haraka, hofu inapanda taratibu kama maji ya mafuriko. Ni habari za familia ya Wapuritani huko New England, miaka ya 1630. Baba, William, anagombana na wakubwa wa jumuiya yao kuhusu mambo ya dini, wanafukuzwa, wanakwenda kuishi peke yao kando ya msitu. Kisha mtoto mchanga, Samuel, anatoweka akiwa na dada yake, Thomasin.

Ndani ya filamu hiyo mchawi yupo kweli, na shetani yupo. Sasa tujiulize: kama shetani yupo, je, lawama zote ni zake?

Angalia kikombe cha fedha cha mama. Kimepotea. Baba ndiye aliyekitoa ili apate mitego ya kuwindia. Mama anamshuku Thomasin. Baba anasikia, wala hasemi ukweli. Hapo hakuna mchawi aliyemziba mdomo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba shetani anaweza kumshawishi mtu, lakini hawezi kuulazimisha utashi wake. Baba anakuja kukiri, ila amechelewa: nyumba nzima imeshajifunza kushukiana.

Utaniambia, “Na Samuel je? Yeye alikosa nini?” Hakukosa kitu. Si kila baya linalotupata tumelitafuta, muulize Yobu. Lakini kufiwa ni jambo moja, na kumnyooshea binti yako kidole ni jambo lingine. Msiba uliwapata. Tuhuma waliichagua.

Na sisi tunaijua hiyo njia. Mtoto anaugua, badala ya kumpeleka hospitali na kusali, tunauliza nani kamroga. Hapa Tanzania kuna bibi zetu wameuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na huenda ni moshi wa kuni wa miaka yote hiyo jikoni. Aliyeshika panga hawezi kusema shetani ndiye aliyelishika.

Kuamini kwamba shetani yupo ni imani yetu. Kumtwisha dhambi zetu ni kukwepa kitubio.

Tafakari ya wiki: nyumbani kwenu, nani anabeba lawama kwa sababu wewe umenyamaza?

Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, utuombee.