Kukosa na Kukiri

Watu wengi hudhani ya kuwa kosa na uongo ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo. Uongo hutoka katika nia. Kosa laweza kumtoka hata mtu mwenye bidii na moyo safi. Lakini hapa ndipo lilipo swali ambalo nataka tulifikiri pamoja, msomaji: mtu akikosa bila kukusudia, wala asiwepo aliyemwona, ana wajibu gani? Ili tulijibu, nitatwaa mfano katika kazi ya wataalamu wanaochungua maumbo ya vitu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho.

Kazi yao ni hii. Hutwaa kitu kama protini, wakakigandisha kiwe fuwele, mfano wa chembe ya chumvi. Fuwele hiyo huwekwa mbele ya miale ya eksirei na kugeuzwa kidogo kidogo, na kila igeuzwapo, miale hutawanyika ikaacha madoa. Madoa hayo huwa maelfu kwa maelfu. Nguvu ya kila moja hupimwa na kuandikwa katika safu za tarakimu. Kisha kompyuta hufanya hesabu, ikatoa ramani ya mahali zilipo atomu. Ramani hiyo haipigwi kama picha, bali huhesabiwa. Kwa hiyo tarakimu zikipotoka, ramani nayo hupotoka, hata iwe nzuri namna gani machoni.

Mwaka 2001 Geoffrey Chang, mtaalamu wa California huko Marekani, pamoja na mwenzake, alitangaza umbo la protini iitwayo MsbA, ambayo hupitisha mafuta ya namna fulani katika utando wa bakteria. Baadaye maumbo mengine ya jamii hiyo yalifuata. Lakini mwaka 2006 Roger Dawson na Kaspar Locher, wa Zürich katika Uswisi, walitangaza umbo la protini iliyo jamaa na ile, na maumbo hayo hayakupatana.

Chang akarudi kwenye hesabu zake. Akaona ya kuwa programu ndogo iliyotumika katika maabara yake ilikuwa imebadilisha safu mbili za tarakimu: ya kwanza ilisomwa kama ya pili, na ya pili kama ya kwanza. Jambo dogo hilo! Walakini tofauti ndogo iliyo baina ya safu hizo ndiyo iambiayo kama umbo ni la kulia au la kushoto. Tazama miguu yako: yafanana kidole kwa kidole, lakini kiatu cha kulia hakiukai mguu wa kushoto. Ramani yao ilikuwa imegeuka kama sura katika kioo, nao wakajenga juu yake. Kompyuta haikuwaonya, kwa maana haina dhamiri. Hulichukua kosa kwa uaminifu ule ule iuchukuliao ukweli.

Mwishoni mwa mwaka 2006 Chang na wenzake waliandika katika jarida la Science wakaeleza kosa lilivyotokea. Makala tano zilifutwa, na hayo yalikuwa matunda ya miaka mingi. Hapana shaka uchungu ulikuwa mkubwa. Lakini wangenyamaza, wengine wangeendelea kujenga juu ya msingi mbovu. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Yamkini utaniuliza, “Kosa lilikuwa la programu, mtu alaumiwe kwa nini?” Nami nakujibu ya kuwa aliyetia jina lake chini ya kazi ndiye mwenye kuijibia. Ala haitoi ahadi kwa mtu yeyote. Mtu ndiye aahidiye.

Tena, wajibu hauanzi siku ya kukiri, bali kabla yake. Programu mpya yaweza kujaribiwa kwanza kwa protini ya ute mweupe wa yai la kuku, lisozimu, ambayo umbo lake lajulikana tangu mwaka 1965. Programu igeuzayo safu ingeumbuka hapo. Kadhalika, mwaka 1992 Axel Brünger alishauri ya kwamba sehemu ndogo ya vipimo, kama kimoja katika kila kumi, iwekwe kando isitumiwe katika kulijenga umbo, ndipo umbo lipimwe kwayo. Mwalimu aliyewafundisha wanafunzi maswali yale yale ya mtihani hawezi kujua kama wameelewa. Vivyo hivyo mtaalamu ajipimaye kwa vipimo alivyokwisha kuvitumia husikia sauti yake mwenyewe, akadhani ni ushahidi.

Basi, msomaji, nawe utapima katika maabara ya shule yako urefu, uzito na joto. Siku moja tarakimu moja itakataa kukaa pamoja na nyingine, na kifutio kitakuwa karibu. Usiifute. Iandike kama ulivyoiona, upime tena, utafute sababu. Na ukigundua ya kuwa jibu ulilokwisha kulitoa lilikuwa na kosa, mwendee mwalimu wako umwambie, hata kama alikwisha kukupa alama zote. Aibu yake itapita upesi. Lakini aliyelijua kosa lake akalinyamazia, kosa hilo tangu saa ile limekwisha kuwa uongo.