Mgeni na Jembe Lake

Ndugu mmoja wa darasa yetu hapa Kericho ametuletea suala, nasi tumeona halifai kujibiwa kwa neno moja. Amesikia kwamba katika miji ya Ulaya na ya nchi za Kiarabu ziko nyumba ambamo hukaribishwa wachoraji na washairi wa Kifilastini, wakapewa chumba, chakula na wasaa wa kufanya kazi yao kwa miezi kadhaa. Auliza: yafaa sadaka ya Mwislamu kwenda huko, na hali watu wa Gaza wamekosa unga?

Mwenye njaa hutangulia. Hilo halina mjadala. Lakini ndugu yetu amewafanya kuwa watu wawili, na hali mara nyingi ni mtu mmoja. Ismail Shammout alifukuzwa Lydda mwezi wa Julai 1948, naye ni kijana wa miaka 18, akaishia katika kambi ya Khan Younis. Alikuwa na dhiki kama wenziwe. Misri ilimpokea akasoma uchoraji, na mwaka 1953 akaonyesha Gaza picha za kufukuzwa kule. Watu wa kambi walikuja wakajiona wenyewe ukutani.

Sisi wa nchi hii ya chai twapaswa kulifahamu jambo hili kabla ya wengine. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria makhsusi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawang'oa katika nchi ya Wakipsigis na kuwapeleka Gwassi, upande wa Ziwa Victoria. Hawakuwa jeshi. Walikuwa watu ambao neno lao lilisikilizwa. Utabiri wao hatuukubali, na twasema hivyo waziwazi. Lakini dhulma haiwi halali kwa kuwa aliyedhulumiwa si wa dini yetu. Hata 1962 ndipo waliporuhusiwa kurudi. Wazee wengi walifia huko, na mengi waliyoyajua yakazikwa nao.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alipata bahati nyingine. Alipotoka gerezani mwaka 1972, baada ya kufungwa miaka mitatu kwa ajili ya karatasi aliyoiandika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpa kazi katika taasisi yake ya Kiswahili. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatoka kitabu mwaka uliofuata.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kumsukuma mgeni, na sisi twaona yafaa pia kumheshimu: apewe jembe lililo lake. Mshairi ukimpa kikapu cha kuchumia chai umemlisha, wala hukumrudishia alichonyang'anywa. Mtume (S.A.W.) alimwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini asome mashairi yake, na katika msikiti uo huo walikuwa wakilala watu wa Suffa, mafukara wasio na makao. Hakungoja njaa iishe Madina ndipo amsikilize mshairi.

Tunaloliogea sisi si matumizi ya fedha. Twaogopa kwamba mwenye kukaribisha hupenda kushukuriwa, na mwenye kunyang'anya nchi hufurahi akimwona mwenyewe amepata chumba kizuri mbali nayo. Nyumba yenye masharti, usichore hili, usitaje lile, ni kifungo chenye mazulia. Na nyumba isiyomsaidia mgeni kurejea kwao ni Gwassi nyingine, hata ikiwa na bustani. Kisha wako wasioweza kuvuka mpaka kabisa. Heba Zagout, mchoraji wa Gaza, aliuawa Oktoba 2023 pamoja na wanawe wawili. Waliobaki humo wahitaji karatasi na rangi huko huko waliko.

Basi jibu letu ni hili. Chakula na makao ya aliyefukuzwa, awe mchoraji au mkulima, vyaweza kutoka katika zaka, kwani msafiri aliyekatikiwa na mali yake ni miongoni mwa wenye haki nayo. Kalamu, rangi na chumba cha kazi vitoke katika sadaka, na mtoaji aulize kwanza kama mgeni yu huru kusema atakalo. Ama picha za viumbe wenye roho, ambazo ndugu yetu amezigusia mwishoni mwa barua yake, tutaziandikia peke yake katika toleo lijalo, inshallah.