Mjane wa Mvuvi

Ndugu zetu Waislamu, kusi likivuma kwa nguvu mwezi wa Juni na Julai, wako vijana waliooa juzi ambao bado hutweka tanga, kwani nyumbani mna mtoto na mwenye chombo ataka fungu lake. Hirizi imefungwa mkononi. Chombo chavuja, na hata boya la kuokolea hamna! Je, huko ndiko kutawakali? Mtume wetu (S.A.W.) alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Bei ya hirizi ingalitosha kalafati.

Kijana akizama twasema amekufa shahidi, na hadithi yake imethubutu. Lakini mkewe yumo edani miezi 4 na siku 10, na deni la nyavu labisha hodi. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib huko Muta, mwaka 629, Mtume aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula. Sisi twaenda kula chao! Twala pilau ya hitima kwa mkopo wa mjane, na mwenye chombo, aliyemhimiza marehemu atoke, ndiye aketiye mbele. Basi tuliokula, tuanze kwa kulipa mkopo huo wiki hii.