Kosa la Aliyeamini

Disemba iliyopita, siku ya mgao, kikoba cha kina mama wa mtaani kwetu kilifungua sanduku lake. Ni lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambalo kila mwanakikoba analijua: funguo tatu, washika funguo watatu. Ndani mlipaswa kuwa na shilingi milioni 4 na ushei. Mlikuwa na madaftari, kitambaa cha kufungia noti, na laki moja na nusu. Mweka hazina, aliyekuwa na ufunguo wa tatu, alikuwa ameshaondoka wiki nzima nyuma. Alisema anakwenda kuuguza.

Mama yangu mdogo alikuwa mmoja wa washika funguo. Septemba alipokwenda Muheza kwenye msiba wa shemeji yake, alimwachia mweka hazina ufunguo wake ili wenzake wasikwame siku ya kukopeshana. Mshika ufunguo mwingine naye akaacha wake kwa sababu kama hiyo. Na huyo mweka hazina ndiye aliyelala hospitalini siku nne chini ya kitanda cha mama mdogo alipofanyiwa upasuaji, akimfulia na kumnywesha uji.

Kikao kikaamua kwamba walioachia funguo walipe. Mzee mmoja aliyeitwa kusuluhisha akafunga mjadala kwa methali: mwenye macho haambiwi tazama. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na tangu siku hiyo methali ile imenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Tofauti ya dhahiri na batini haihitaji darasa refu. Dhahiri ni kinachoonekana, batini ni kilichositirika, na mdanganyifu ni yule anayeitumia ya kwanza kuifunika ya pili. Inatosha. Ninalouliza mimi ni hili: aliyeiamini dhahiri ana kosa gani?

Swali hilo limenirudisha kwenye Macbeth ya Shakespeare, ambayo Samuel Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Wasomaji wengi humkimbilia Macbeth mwenyewe, au mkewe, au wale wachawi watatu. Mimi nimekaa na Mfalme Duncan, mzee anayeuawa na Macbeth kabla tamthilia haijafika mbali. Bwana wa Cawdor amemsaliti na ameuawa kwa usaliti huo. Duncan anamsikiliza mwanawe Malcolm akisimulia kifo hicho, kisha anasema, kwa maana yake, kwamba hakuna elimu ya kuusoma moyo wa mtu usoni pake, na kwamba alimwamini mtu yule kwa imani yote. Hajamaliza vizuri, Macbeth anaingia. Duncan anampokea kwa shukrani, na muda si mrefu anatangaza safari ya kwenda kulala nyumbani kwake.

Wanaofundisha tamthilia hii hupenda kusema kwamba hapo ndipo ujinga wa Duncan unapoonekana. Mimi naona kinyume. Duncan si mtu asiyejua kwamba sura hudanganya; katika jukwaa lile lote hakuna aliyelisema jambo hilo waziwazi kuliko yeye. Anajua, na bado anaamini. Afanye nini? Macbeth ametoka vitani na damu ya maadui wa mfalme mwilini mwake. Kama mtu aliyehatarisha roho kwa ajili yako haaminiki, ataaminika nani?

Zipo hoja za haki dhidi yangu, nazikubali. Duncan ni mfalme, na mfalme ana wajibu wa kujilinda kuliko raia wa kawaida, maana akianguka haanguki peke yake. Vilevile ufunguo wa kikoba haukuwa mali ya mama mdogo, ilikuwa amana, na masharti ya amana alikuwa anayajua.

Hoja inayonitoa usingizini ni ile nyingine: ishara zilikuwepo. Nimeisikia kikaoni, nimeisikia dukani, nimeisikia kwa ndugu zangu wenyewe. Mbona alikuwa amenunua simu mpya? Mbona alikuwa mpole kupita kiasi? Mbona aliwahi mno kujitolea hospitalini? Angalieni hoja hii inavyofanya kazi. Kabla ya Disemba, zile siku nne za hospitalini zilikuwa wema, na mtaa mzima uliusifu. Baada ya Disemba, siku nne zilezile zimekuwa mtego. Uji ni uleule, bakuli lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunaujua mwisho wa hadithi, na tunamdai mama mdogo awe aliujua tangu mwanzo.

Shakespeare aliliona hili. Duncan anapofika kwenye ngome ya Macbeth anasimama nje na kusema mahali hapa pana hewa nzuri. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, aliye pembeni yake, anaongeza kwamba hata mbayuwayu wamejenga viota kila pembe ya kuta, na ndege hao huzaliana zaidi penye hewa safi. Mtazamaji ukumbini anajua kwamba ndani mke wa Macbeth anahesabu saa, na anatetemeka. Lakini ondoa anachokijua mtazamaji, kinabaki nini? Kuta, jioni, na ndege wanaoingia viotani. Ndege hawasemi uongo. Hewa ni nzuri kweli. Kila alichokiona Duncan kilikuwa sahihi, na usiku uleule akachomwa visu akiwa amelala.

Tena aliyewasifu mbayuwayu ni Banquo, ambaye alikuwa na Macbeth pale wachawi walipotabiri ufalme, ambaye ishara alizisikia kwa masikio yake. Baadaye anakuja kushuku waziwazi kwamba Macbeth alicheza mchezo mchafu. Ikamsaidia nini? Aliuawa njiani, akitoka kupanda farasi na mwanawe. Na Macbeth mwenyewe, ambaye hakuna aliyepewa ishara nyingi kumshinda, aliambiwa kweli tupu kuhusu msitu wa Birnam na kuhusu mtu asiyezaliwa na mwanamke, na ni kweli hizo zilizompoteza.

Lakini linaloniuma zaidi ni asubuhi ya mauaji. Macduff, bwana mmoja wa Uskoti, anagonga lango, anaingia, anamkuta mfalme amekufa. Watu wanakurupuka vitandani. Wote wana macho, na wote wanatazama. Wanaona nini? Walinzi wawili wamepakwa damu, na majambia yako kwao. Ushahidi uko wazi kama mchana. Walinzi wale hawakufanya kitu zaidi ya kuleweshwa na mwenyeji wao. Wana wawili wa mfalme, ambao wao waling'amua kwamba tabasamu za pale zina visu ndani, walitoroka usiku usiwakute. Na kule kutoroka kukawa ushahidi kwamba ndio waliomuua baba yao. Aliyeamini alikufa, asiyeamini akaitwa muuaji. Ndivyo hivyo kikao chetu kilivyotazama: kufuli haikuvunjwa, ilifunguliwa kwa ufunguo, na ufunguo ni wa mama mdogo. Mwenye macho.

Hapa lazima nitoke kidogo njiani, kwa sababu jambo hili limenishika miezi mingi. Macbeth alikuwa mtu wa kweli, mfalme wa Uskoti, na tamthilia inayotufundisha habari ya sura za uongo imemvika yeye sura ya uongo. Duncan wa historia hakuwa mzee aliyeuawa kitandani. Aliuawa vitani mwaka 1040. Macbeth akatawala miaka 17, na mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, ambako iliandikwa kwamba aliwamwagia maskini fedha kama mtu apandaye mbegu. Kisa cha mfalme kuuawa akiwa mgeni katika ngome, na walinzi waliolewa, Shakespeare alikichukua kwenye sura nyingine ya tarikhi ya Holinshed, inayomhusu Donwald aliyemuua Mfalme Duff. Na Banquo? Katika Holinshed, Banquo alishirikiana na Macbeth kumuua Duncan. Kwenye jukwaa ametakaswa. Mfalme James, aliyekalia kiti cha Uingereza tangu 1603, alidai kuwa mzao wa Banquo, na babu wa mfalme hawezi kuwa na damu mikononi. Banquo mwenyewe huenda hakuwahi kuishi.

Kwa hiyo mimi niliyedhani naijua batini ya Macbeth tangu sekondari nilikuwa naitazama dhahiri iliyoshonwa na fundi hodari. Nilikuwa na macho. Hakuna aliyeniambia tazama.

Watu huniambia, basi tusiamini. Sawa, tuutazame ulimwengu huo, kwa kuwa tamthilia inao. Macbeth akishakuwa mfalme hamwamini yeyote; katika nyumba ya kila bwana ameweka mtumishi anayemlipa ampelekee habari. Na Malcolm, mtoto wa mtu aliyeamini, yuko uhamishoni Uingereza. Macduff anamfuata kumwomba arudi aiokoe nchi. Malcolm hamkumbatii. Anamwambia kwamba yeye ni mzinzi asiyetosheka, ni mlafi wa mali za watu, hana hata chembe ya wema. Anajisingizia ili aone Macduff atafanyaje. Macduff anavumilia, anavumilia, mwisho analia kwa ajili ya nchi yake, ndipo Malcolm anamwambia yote yale yalikuwa uongo. Macduff ananyamaza. Muda mfupi baadaye analetewa habari kwamba mkewe na watoto wake wamechinjwa.

Kile kimya cha Macduff nakifikiria sana. Hivyo ndivyo watu wema wawili wanavyojuana mahali ambapo hakuna anayeamini: mmoja anamdanganya mwenzake mpaka amlize. Siwezi kusema Malcolm alikosea. Alikuwa ameona yaliyompata baba yake, na alirudi na jeshi lililobeba matawi ya msitu wa Birnam akashinda. Siwezi pia kusema kwamba nchi aliyokwenda kuitawala ilikuwa bora kuliko ile ya Duncan, ambamo mzee aliweza kusimama mlangoni kwa mtu na kusifu hewa.

Kikoba chetu kimeanza tena mwaka huu. Kuna sanduku jipya, kufuli ni nne, na kina mama wakikutana hawaachi mikoba yao chini. Mama mdogo hakuchaguliwa kushika ufunguo. Bado analipa, Jumamosi iliyopita alipeleka elfu ishirini.