Mawe Aliyabeba Nani?



Zamani tulipokuwa tukifundisha historia, tuliwaambia watoto kwamba majumba ya mawe ya Kilwa Kisiwani yalijengwa na wageni kutoka ng'ambo. Mtoto mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, mawe aliyabeba nani?" Darasa likacheka, nasi tukamwambia aketi.

Swali lile halikutuacha. Baada ya kustaafu tulifunga safari kutoka Buhemba hadi Kilwa Masoko, tukavuka kwa mashua. Tuliingia Msikiti Mkuu, ulioanzwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14. Tulifika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya bahari, lenye birika la pembe nane. Ibn Battuta aliuona mji huo mwaka 1331 akausifu. Wareno wakauteka mwaka 1505.

Kuta zile ni za matumbawe. Mengine yalikatwa baharini yangali laini, yakachongwa kabla hayajawa magumu. Mengine yalichomwa yakawa chokaa. Kazi hiyo inataka watu wanaoijua bahari ile. Tena, kabla ya nyumba za mawe, palikuwa na watu pale waliojenga kwa miti na udongo. Basi mtoto yule aliuliza vema.

Lakini tusitoke katika kosa moja tukaingia katika jingine. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mifupa ya watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani. Wengi walikuwa wa damu mbili: ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na ya Kiasia, hasa ya Uajemi, kwa upande wa baba. Anayesema leo kwamba mgeni hakuwa na sehemu yoyote, naye hasemi kweli.

Wako watakaouliza: wafu wanadhurika nini? Amri ya tisa inamtaja jirani, na hao wamekwisha kwenda zao. Twajibu kwamba marehemu ni jirani anayestahili kuangaliwa zaidi, kwa kuwa hawezi kusimama barazani kujitetea. Na uongo juu yake huwaangukia walio hai. Mtoto yule alirudi nyumbani akidhani babu zake hawakujua kujenga kitu cha kudumu.

Kutojua kwetu hakukuwa dhambi, tulifundisha tulichofundishwa. Kosa letu lilikuwa kumnyamazisha aliyeuliza, kwa kuwa tuliona haya kusema, "Hatujui, tutafute."

Sisi wa Buhemba tunaijua dhahabu. Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, na majina ya walioichimba hayakuandikwa. Hata hapa kwetu, ni wangapi walioshuka mashimoni ambao majina yao yanajulikana? Wajukuu watakapouliza nani alichimba hapa, tusiwaambie waketi. Twende nao kwa wazee wangali hai, tuandike wanayokumbuka, na pale kumbukumbu zinapopingana tuandike zote mbili.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Kama anasoma ukurasa huu, tunamwomba radhi. Swali lake lilikuwa zuri kuliko somo letu.