Kuchelewa Kuamua: Hekima au Woga?

Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Methali hii tumefundishwa tangu utotoni, nasi tumewafundisha wanetu. Na kwa nguvu yake tumezoea kumheshimu mtu aamuaye upesi na kumdharau yule asitaye. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, kila mwenye kushika mawili ni mpumbavu? Na je, kila aliyeamua mapema ameamua vema?

Tuanze shambani. Mvua za kwanza zinapokaribia Mkonze, kandokando ya mji wa Dodoma, mkulima huandaa mbegu zake za mtama na uwele. Nchi ya Ugogo ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, nayo mvua hiyo haina ahadi: yaweza kunyesha wiki moja na kukatika wiki tatu. Wazee walirithishana habari za Mtunya, njaa kuu iliyoikumba nchi hiyo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo kupanda, kwao, si mchezo wa bahati. Mkulima hatii mbegu moja katika shimo, akijigamba kwamba ameijua iliyo bora. Hutia kadhaa. Nyingine huliwa na wadudu, nyingine hazioti, nyingine huungua kwa jua. Baada ya wiki mbili au tatu hurudi akapunguzia: huiacha miche michache yenye nguvu na kuing'oa iliyosalia, na ile iliyo mizima huweza kuipandikiza penye mapengo.

Mkulima huyu hakukataa kuamua. Amengoja shamba lenyewe litoe ushahidi.

Hekima hii haiishii kwenye jembe. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi kampuni ya Toyota ya Japani ilivyobuni magari yake. Desturi ya viwanda vingi ilikuwa kuchagua umbo moja mapema, kisha kulirekebisha kila lilipokwama. Toyota ilifuata njia nyingine. Mafundi wa bodi, wa injini na wa kiwandani, kila kundi lilitaja mipaka ya yale liwezayo. Wakatafuta mahali mipaka hiyo ilipokutana. Wakabuni na kupima mifano kadhaa kwa wakati mmoja, wakiiacha iliyoshindwa. Ajabu ni kwamba hao waliochelewa kuamua walikuwa miongoni mwa waliomaliza kazi upesi, kwa kuwa hawakulazimika kurudi nyuma.

Kinyume cha hayo mkoa wa Dodoma umekwisha kukiona. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe uliotembea Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa muda wa wiki tisa, na kwa ushauri wake ikakata shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947: zao moja, njia moja, mashine nyingi, bila shamba dogo la majaribio kwanza. Mvua haikutosha, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36. Waliokata shauri hawakukosa ushujaa. Walikosa unyenyekevu wa kukubali kwamba hawakuijua ardhi ile.

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa la maadili, wala si la ufundi tu. Aamuaye kabla ya kujua mara nyingi huamua kwa gharama ya mwingine. Mkulima wa Mkonze ni mnyenyekevu kwa sababu kosa lake litaonekana katika chungu chake mwenyewe. Kiongozi, mwalimu au mzazi, ambaye kosa lake litaonekana katika chungu cha wengine, awe mnyenyekevu zaidi.

Lakini tusiufanye mfano huu kuwa kinga ya wavivu. Kungoja kwa mkulima kuna jasho: ametumia mbegu nyingi na ameilinda miche yote. Afisa anayeacha jalada mezani mwezi mzima hapimi lolote, amelala tu. Kadhalika, kupunguzia kuna wakati wake. Anayeng'oa mapema huenda akabakiza mche utakaokufa kesho. Anayeona huruma kupita kiasi huiacha miche ikanyang'anyana maji, na yote ikadhoofu. Lingine ni ahadi: ukishamwambia mwenzako kwamba zimebaki njia mbili, usiibuke kesho na ya tatu, maana yeye amekwisha kujenga juu ya neno lako.

Basi walimu, tusimsifu tu mwanafunzi anayenyosha mkono wa kwanza. Tumwulize pia ni majibu gani mengine aliyoyapima, na ni kwa sababu gani aliyaacha. Nanyi vijana, msione haya kusema, "Bado napima," mradi kweli mnapima.

Methali ya wahenga inasimama pale pale. Mshika mawili moja humponyoka. Lakini aliyeyapima yote mawili, kisha akaliachia moja kwa wakati wake, huyo hakuponyokwa na kitu. Amechagua.